Shajara ya fundi: mstari mmoja wa chaki kabla ya chai

Siku ya 1

Nimehesabu. Sikutaka kuhesabu ila mama watoto alikuja dukani jana kuchukua mkasi wake, akavuta lile pazia la kule nyuma akaona viroba, akauliza hivi vyote vya nani, nikamwambia vya watu, akasema najua ni vya watu, mi nauliza vya mwaka gani. Basi leo asubuhi mimi na kijana wangu wa kazi tumemwaga vyote chini. Vitambaa 37. Vya watu, vimeshapimwa, vingine vimelipiwa kianzio, na mkasi haujavigusa.

Kuna vitenge vingi, kuna satini, kuna kitambaa cha kanzu, kuna kitambaa cha suti cha bwana mmoja wa bandarini, kuna doti mbili za khanga za kupindia tu, khanga jamani, kazi ya dakika kumi, zimekaa tangu Maulidi. Na kimoja kimo ndani ya mfuko wa rambo, ile ya plastiki. Sasa we mtu wa Tanzania hesabu mwenyewe, mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, na mimi tangu hapo sijaingiza rambo dukani, kwa hiyo hicho kitambaa kina miaka mitano na ushee humo ndani. Ni lasi ya rangi ya maziwa. Kikaratasi chake kimeandikwa kifua 36, kiuno 28, hipsi 40, urefu 54, halafu chini "HARUSI J'MOSI". Jina hamna.

Niko Ngamiani, Tanga, nina cherehani mbili za miguu, Butterfly moja na Singer moja ya marehemu baba, na ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo zisifumuke, naenda kwa jirani. Ukutani nina kibao nilichoandikiwa na mchora mabango miaka ya nyuma: LIWEZEKANALO LEO LISINGOJE KESHO. Wateja wakikisoma wanacheka wenyewe. Watu wanasema Tanga waja leo waondoka leo, kwangu mimi ni waja leo, waja na kesho, waja na Jumatatu.

Nimeanza kuandika kwenye daftari la vipimo, kurasa za nyuma. Tuone.

Siku ya 2

Hii shajara si akili yangu, ni ya mpwa wangu anasoma saikolojia chuoni. Jana usiku nilimwambia mjomba wako nimejipangia, kuanzia leo namaliza vitambaa vinne kwa siku, siku kumi vimekwisha. Akanitumia vois noti ya dakika sita. Kifupi alisema mjomba hutavimaliza, siku ya kwanza utashona vinne, ya pili kimoja, ya tatu utakwenda kunywa kahawa mpaka adhuhuri. Akasema chagua kitu kidogo mpaka uone aibu kutokukifanya, halafu kifunge nyuma ya kitu ambacho unakifanya kila siku bila kuambiwa.

Nikafikiri kila siku bila kuambiwa mi nafanya nini. Nafungua kufuli, natoa cherehani barazani, halafu namtuma kijana chai na mihogo. Chai sijawahi kuiahirisha hata siku moja maishani mwangu.

Sheria basi ni hii: cherehani ikishatoka barazani, kabla ya chai, natandika kitambaa kimoja mezani nachora mstari mmoja wa chaki. Mmoja tu. Baada ya hapo nikitaka kukikunja nirudishe kirobani, ruksa.

Leo nimechora. Nikakunja. Chai.

Siku ya 6

Bado mstari mmoja mmoja. Kijana ananicheka, anasema fundi unachora ramani ya Tanga. Vitambaa vilivyokamilika: sifuri. Ila nimegundua kitu, nikishachora mstari wa bega mkono wenyewe unataka kuchora na wa kwapa, mana mstari mmoja peke yake kwenye kitambaa unakera kama kifungo kimoja kwenye shati. Jana nimechora gauni zima, mbele na nyuma. Halafu nikakunja!

Hapo ndo nikaanza kujiuliza. Kama uvivu, mbona nimechora gauni zima? Mvivu hachori. Tatizo liko baada ya chaki.

Siku ya 9

Naandika kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu zaidi ya mama watoto.

Miaka kadhaa nyuma dada mmoja aliniletea kitenge cha bei, kina ndege wakubwa, kila ndege kama kiganja. Wateja walikuwa wamejaa, nimetandika haraka, nimekunja kitambaa mara mbili kwa upana ili nikate mbele na nyuma kwa mkupuo mmoja, nikakata. Kitenge cha maua madogo madogo kinakuvumilia ukifanya hivyo. Kitenge cha ndege kina juu na chini. Nikafungua, mbele ndege wamesimama, nyuma ndege wote wamesimama kwa vichwa. Dada akaja, akakitazama, hakutukana, hakusema kitu, machozi yakamtoka, kumbe ni kitenge alicholetewa na mamake kabla hajafariki. Nilimlipa hela, lakini kitenge chenyewe mjini hakikupatikana tena.

Tangu siku ile mkasi mzito. Kushona sina shida, kushona ukikosea unafumua, kuna kisu cha kufumulia, uzi unatoka, unaanza upya, kitambaa kipo. Kilichokatwa kimekatwa. Sasa nikiangalia vile viroba, karibu vyote vimekwama palepale, kabla ya mkasi, na visivyokwama hapo ni vya kazi ndogo kama zile khanga ambazo nazo zimefukiwa chini ya vinavyotisha mpaka nikazisahau. Nimekuwa nikiwaambia watu njoo kesho kwa miaka, na mimi mwenyewe nikijiita mvivu, na watu wananiita mvivu, wengine mwongo, kumbe mi naogopa mkasi. Fundi anayeogopa mkasi. Kinyozi anayeogopa wembe.

Nimemwandikia mpwa. Kajibu kwa maandishi safari hii, anasema wanaosomea mambo haya wanaona kuahirisha mara nyingi mtu anakimbia hisia mbaya inayoshikamana na kazi, si suala la muda. Mtu hakosi nafasi, anakosa raha akikaribia ile kazi, akiiweka pembeni anapata nafuu papo hapo, na ile nafuu ndo inamfundisha aiweke pembeni tena kesho. Nikakumbuka ile raha ya kumwambia mteja "kesho inshallah" na kumwona anaondoka. Ni raha kweli, inadumu mpaka akunje kona.

Siku ya 10

Nimeongeza kitu kidogo kwenye sheria. Nikishachora, natia pini, halafu nakata sentimita tano tu, tena kwenye pindo la chini, pale ambapo hata ukikosea hakuna atakayejua.

Kitambaa cha kwanza: kitenge cha maua madogo madogo, makusudi. Nimekata sentimita tano. Nikasimama kama mtu aliyeingia baharini mpaka magotini. Halafu nikaendelea mpaka kwenye kiuno, kwapani, shingoni, nikamaliza. Chai ikapoa. Mara ya kwanza chai imenisubiri mimi.

Siku ya 14

Vimebaki 34. Gauni moja, sketi moja, na zile khanga (nimehesabu kama kazi moja, mwenye khanga ni mmoja, alipokuja akazipokea akazigeuza geuza akauliza "fundi unaumwa?").

Lakini nikiri, naanza kuchakachua. Asubuhi nikivuta kiroba mkono unakwepa, unapita juu ya suti ya bwana wa bandarini, unapita satini, unatua kwenye kikazi chepesi. Na mchana wakija watu na vikazi vyao, punguza suruali, badilisha zipu, ziba hapa pamechanika, navipokea vyote kwa furaha, jioni nimechoka, nimetoka jasho, nimepata elfu kumi na nne, na viroba viko vilevile. Vikazi ndo maficho yangu. Ukimwona fundi hajainua kichwa toka asubuhi usifikiri anafanya kazi yako.

Siku ya 17

Dawa ya kuchakachua: nimemvua mkono wangu mamlaka. Kitambaa cha kesho anachagua kijana, jioni, kabla hatujafunga. Anakiweka mezani, anakibandika kikaratasi cha vipimo kwa pini, na anajaza bobini tatu za uzi wa rangi hiyo. Mimi asubuhi nakikuta.

Bobini zina maana yake. Nilikuwa nikianza kushona bobini inaisha, naamka kutafuta uzi, uzi wa rangi ile hamna, naenda dukani kununua, njiani kuna baraza la kahawa, na kashata, na mtu ana habari za Simba na Yanga, narudi saa sita. Safari yote hiyo kwa ajili ya bobini. Na sindano vilevile, tumeweka kikopo, namba 14 kwa vitenge, 16 kwa jinzi, 11 kwa satini, mana nilikuwa nashona satini kwa sindano ya kitenge inavuta nyuzi, nakasirika, nakunja, narudisha kirobani, halafu nasema satini hizi za siku hizi mbovu.

Kijana ana roho mbaya lakini. Kesho kaniwekea satini.

Siku ya 18

Satini imekatwa. Inateleza kama kambale. Nimetandika shuka la pamba chini yake ili isikimbie, nikapiga pini nyingi kuliko kawaida, nikakata sentimita tano nikapumzika, tano nikapumzika. Mpaka saa nne na nusu. Imekaa.

Siku ya 23

30.

Leo nazungumzia neno lenyewe, "kesho". Nimegundua halitoki kichwani, linatoka mdomoni moja kwa moja kama "waalaikum salaam". Mteja anafungua mdomo kuuliza, na mimi nishajibu. Mama mmoja mtu mzima wa Chumbageni kaja, shikamoo mama, marahaba mwanangu, vipi gauni la... kesho mama. Hata hakumaliza! Akasema mwanangu mi nataka kujua gauni la mjukuu ulilonipa jana linafuliwa kwa maji ya moto au baridi.

Kijana kaanguka chini kwa kicheko.

Kwa hiyo kuna kijitabia kipya, kidogo kama kile cha chaki. Mteja akiuliza lini, sijibu. Nashika kalamu kwanza. Kalamu ikishakuwa mkononi nafungua daftari, naangalia siku ambayo haijajaa, naiandika mbele yake, anaiona. Nimeifunga kalamu kwa kamba kwenye mguu wa meza ili isinipe kisingizio. Ni ajabu jinsi kalamu inavyozuia uongo, ya ulimi hayaandikwi popote lakini ukishika kalamu unaona kabisa Jumatano ina watu watatu tayari.

Mzee mmoja kaniambia tarehe ulizonipa mbali sana. Nikamwambia shehe, hizi ni za kweli. Akanyamaza, akasema basi sawa.

Siku ya 26 mpaka 30

Msiba upande wa mama watoto, Muheza. Sikuandika, sikuchora. Innalillahi.

Siku ya 31

Nimerudi na kile kinachonijia kila mara: ishavunjika hiyo, bora nianze upya mwezi ujao. Hili ni gonjwa langu la zamani, nikianza kitu nikakosa siku moja naona bora kufa kabisa kuliko kuchechemea. Nimekaa barazani nimeangalia meza. Kitambaa kile alichoweka kijana siku tano nyuma kimepata vumbi, pini ipo, bobini tatu zipo zimekaa zinanisubiri kama watoto wa shule.

Nikachora mstari. Mmoja. Nikakunja nikanywa chai, nikasema leo inatosha.

Mpwa kanipigia jioni kutoa pole, nikamwambia nimevunja mnyororo. Akanipa habari ambayo naiandika vizuri mana imenisaidia. Kuna mtafiti anaitwa Phillippa Lally, wakati huo alikuwa University College London, yeye na wenzake waliwachukua watu 96, kila mtu akachagua kitu kimoja kidogo cha kula, kunywa au kufanya, kila siku baada ya jambo lilelile, mfano kunywa glasi ya maji baada ya kifungua kinywa, wakawafuatilia wiki 12. Utafiti ulitoka 2010. Walikuwa wanaangalia ni lini jambo linaanza kujifanya lenyewe bila mtu kujisukuma. Wastani ukawa siku 66. Lakini kuna aliyefika kwa siku 18, na kuna ambao kwa makadirio wangefika siku 254! Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana, waliendelea kupanda pale walipoachia.

Nikamuuliza mbona watu wanasema siku 21. Akasema hiyo watu wengi wanairudisha kwa daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake aliowarekebisha sura walichukua kama siku 21 hivi, kwa uchache, kuizoea sura mpya. Lile neno "kwa uchache" likapotea njiani. Sura mpya na chaki wapi na wapi.

Kukosa siku tano si kukosa moja, najua. Ila nimerudi.

Siku ya 40

22. Mambo yanakwenda, sina cha kuandika. Mvua ilinyesha tukaingiza cherehani ndani.

Siku ya 46

17. Kesho inshallah Ramadhani (hii "kesho" ni ya mwezi, si yangu).

Wenye ufundi wanajua Ramadhani ni nini. Kanzu, madera, baibui, magauni ya watoto, kila mtu anataka kabla ya Idi, na kila mwaka usiku wa kuamkia Idi nilikuwa nalala dukani, watu wamekaa kwenye benchi wananisubiri kama wako hospitali, wengine wanaondoka na nguo haina vifungo, mwaka mmoja mtoto kavaa kanzu ina pini ya kwapani nimeisahau, kalia mbele ya watu wote kiwanjani.

Siku ya 49

Imekufa. Siku tatu sijachora hata mstari mmoja, na sikuwa msibani, nilikuwa hapahapa dukani.

Nimekaa nikafikiri imekuwaje, mana kijana kaweka kitambaa kila jioni kama kawaida. Halafu nikacheka mwenyewe. Sheria inasema kabla ya CHAI. Ramadhani hamna chai! Natoa cherehani, nakaa, nasubiri kitu fulani kitokee, hakitokei, basi nakaa tu nasoma simu. Siku 46 zote nilidhani ni mimi nimebadilika, kumbe ilikuwa ni mihogo.

Siku ya 50

Mpwa anasema kuna mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, yeye kazi yake kubwa ni hii, kwamba mtu akijiambia "nitajitahidi" inamsaidia kidogo, lakini akijiambia "ikitokea hivi, nitafanya hivi" inamsaidia zaidi, mana ile "ikitokea hivi" inafanya kazi ya kumkumbusha badala yake. Kwa hiyo ile "ikitokea" iwe kitu ambacho hakihami.

Kufuli halihami. Mfungo au si mfungo, duka lazima lifunguliwe. Sheria mpya: kufuli likishafunguka, nalitundika kwenye msumari ulio juu ya meza ya kukatia, na chaki nimeitundika kwenye msumari uleule kwa uzi. Huwezi kutundika kufuli usiguse chaki.

Na simu inaingia kwenye kopo la vifungo mpaka adhuhuri. Ikilia, inatetemesha vifungo, kelele yake mbaya mpaka mwenyewe naona haya kuitoa.

Leo nimechora, nimekata.

Siku ya 58

11. Na leo nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nijue kushika mkasi. Nimekataa hela.

Dada wa sare kaja, sare za Idi za watu 14, familia nzima, kitenge kimoja wote, hela taslimu mkononi. Nikashika kalamu. Nikafungua daftari. Siku zimejaa mpaka siku mbili kabla ya sikukuu. Zamani ningesema lete, kesho kutwa njoo. Nikamwambia dada siwezi, nikimaliza zako nitaharibu za wenzako. Kanuna, akasema fundi umeanza kuringa. Kaondoka zake kwa mwenzangu wa barabara ya pili. Nilikaa roho inaniuma mpaka futari. Hela nyingi ile. Kijana naye hakunisemesha mpaka baada ya tarawehe, na yeye alikuwa keshaipigia hesabu.

Bado sina uhakika kama nilifanya sawa, hivi ndivyo ilivyo. Nikikutana na kodi ya mwezi ujao nitaandika tena.

Siku ya 66

Ile siku ya wastani. Nimeingoja kama mtoto anavyongoja Idi, nikidhani nitaamka mtu mwingine. Nimeamka na mgongo.

Ila nitasema hivi. Asubuhi nimefungua nikiwa na mawazo ya ada ya mtoto, mawazo kabisa, nimekuja kushtuka kitambaa kimeshakatwa upande mmoja na sikumbuki kuchukua chaki. Mwenzangu mmoja barazani akauliza unaimba nini, kumbe nilikuwa naimba.

Kwenye mkasi bado kuna kitu kinanishika, sijapona. Dunda moja la moyo kabla ya meno ya mkasi kukutana. Nimeacha kulisubiri liishe. Nakata nalo hivyohivyo.

Vimebaki 6. Wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao bila kushonwa, mmoja kwa ugomvi mkubwa, alikuwa na haki, nimemrudishia kianzio chake chote na nimepindia khanga yake bure.

Siku ya 71

Mwenye lasi ya rambo kapatikana!

Mama wa Chumbageni yule wa maji ya moto au baridi ndo kaniumbua. Alikaa anasubiri, kaiona ile lasi mezani (kijana, tena, roho mbaya), akasema hii lasi si ya harusi ya mtoto wa jirani yangu? Jioni ileile mwenyewe kaja, mwanamke mnene mcheshi, kasimama mlangoni kafunga mikono. Nikampa kikaratasi. Akakisoma kwa sauti, kifua 36, kiuno 28, akacheka mpaka akakaa kwenye benchi. Akasema fundi, harusi yenyewe ilikuwa ya mdogo wangu, nikavaa gauni la kuazima, na harusi ile imeshazaa watoto wawili na talaka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, mimi limenivimba kabisa.

Nikampima upya. Kifua 42. Nikaitandika ile lasi mezani nikaipima, yadi nne, gauni la kike la mtu mzima halitoki kwa mshono ule aliotaka, ila blauzi inatoka na kinabaki cha gauni la mtoto. Akasema fanya hivyo, mtoto wangu ana miaka minne, kazaliwa kitambaa kikiwa kwako. Halafu akaniuliza lini.

Nikasema kesho.

Limetoka lenyewe! Siku 71, kalamu imefungwa kwa kamba hapo mguuni pa meza, na limetoka. Kijana kaficha uso kwenye kitenge. Mwenye lasi akainua macho taratibu akakisoma kibao cha ukutani, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikachukua kalamu. Nikaandika Alhamisi saa kumi.

Siku ya 73

Alhamisi. Blauzi imetoka, gauni la mtoto limetoka, saa tisa na dakika arobaini vilikuwa vimepigwa pasi vimetundikwa. Yeye ndo kachelewa, kaja saa kumi na mbili kasoro adhana inakaribia, anasema hakuamini kwa hiyo alianza kupika kwanza. Kalipa elfu kumi na tano, sikutaka kuchukua, kaniwekea chini ya mkasi akaondoka. Ule mfuko wa rambo kijana kautundika kwenye msumari pamoja na kufuli, anasema ni kumbukumbu. Nimemwambia autoe. Hajautoa.

Kimebaki 1. Keshakiweka mezani cha kesho, kimebandikwa vipimo, bobini tatu nyeusi. Ni ile suti.